Funda la Kwanza la Jin ya Kaloleni

Mtu akinipa kikombe, siangalii kikombe, naangalia koo lake. Nimeishi Mwanza, Bukoba, Jinja, na mwaka mzima Tanga, na kote huko nimeonekana mgeni asiye na adabu kwa sababu natazama watu shingoni wanaponikaribisha. Tabia hiyo niliitoa Kisumu, nyumbani kwa mama mdogo, mwanzoni mwa miaka ya hamsini. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nimemaliza sekondari, na nilikuwa karani kule gatini, nikiandika magunia yaliyoingia melini na yaliyotoka. Jioni nilikwenda Kaloleni kwenye nyumba yake ya vyumba viwili, na huko kazi yangu ya pili ilikuwa kumeza.

Kwetu anayekaribisha hunywa kwanza. Iwe uji, iwe busaa, pombe yetu ya nafaka, mwenye nyumba hupiga funda moja mbele ya mgeni, ndipo ampe. Mgeni hamkodolei macho. Anajifanya anatafuta mahali pa kuweka kofia, lakini anangoja aone koo limepanda na kushuka. Hakuna anayesema ni kwa nini. Kila mmoja anamjua jirani aliyekufa ghafla, na kila mmoja ana mtu anayemfikiria.

Mama mdogo, yaani mdogo wake mama yangu mzazi, hakuweza kufanya hivyo, kwa sababu alikuwa ameokoka. Kanisa lake lilikataza pombe, tumbaku na nguruwe, na alikuwa amesimama mbele ya watu wote akaahidi kwamba kilevi hakitapita midomoni mwake tena. Lakini yeye huyohuyo ndiye aliyetengeneza jin iliyosifiwa na makarani, walimu na mafundi cherehani wa Kisumu, na sheria ya wakati ule ilikuwa haimruhusu Mwafrika kununua pombe kali ya Kizungu. Nilipomuuliza mambo haya mawili yanakaaje pamoja, aliniambia kwamba alipika nguruwe miaka tisa katika nyumba ya Wagoa bila kuonja hata mchuzi wake, na hakuna mchungaji aliyemwambia amekula.

Ufundi wenyewe aliupata katika nyumba hiyo ya Wagoa. Mwenye nyumba alikuwa karani mkuu wa reli, na mke wake kila ilipokaribia Krismasi alichukua chupa za jin za mumewe, akazimimina katika chupa moja kubwa ya kioo iliyokuwa ya achari, akatia iliki zilizopondwa, vijiti vya mdalasini, karafuu chache, mbegu za giligilani na maganda ya ndimu yaliyomenywa membamba mpaka mtu aone kisu upande wa pili. Mzee alipostaafu na familia ikarudi kwao Goa, mama huyo alimwachia mama mdogo vitu viwili: ile chupa kubwa ya achari na sufuria ya shaba yenye mikono miwili, nzito kama mtoto.

Mama mdogo hakuwa na jin ya chupa. Alikuwa na chang'aa nyeupe iliyokenekwa upande wa Kibos, ambayo mwanamke mmoja mzee alimletea ndani ya mkebe wa maziwa. Kwa chang'aa hiyo ndiyo alifanya maajabu yake. Alisema ukali wake ni kama wa mtu asiyelelewa, na kazi yake yeye ni kuilea. Karafuu aliziacha siku moja tu, kisha akazitoa kwa kijiko, kwa sababu alisema karafuu hazijui kunyamaza. Iliki na mdalasini zilikaa siku tatu. Maganda ya ndimu yaliingia mwisho. Mama Mgoa alikuwa amemwambia kwamba jin ya kweli hupata harufu yake kutoka mbegu za mti fulani wa Ulaya, naye alinusa chupa tupu za Wagoa mpaka akaona harufu ile ni ndugu ya mbao za mtarakwa. Basi fundi mmoja wa reli akawa anamletea vijitunda vya mtarakwa kutoka Londiani, vidogo, vya samawati, vimefungwa katika kipande cha gazeti. Alivikaanga kidogo, akaviponda, akavitia.

Yeye hakuonja hata tone. Alichovya kidole, akasugua tone kiganjani, akanusa mara mbili, mara ya kwanza likiwa baridi na mara ya pili baada ya kiganja kulipasha joto. Akiridhika, aliniita.

"Karani, njoo umeze."

Nami nilimeza. Wageni walipokuja, mimi ndiye niliyepiga funda la kwanza mbele yao kwa niaba yake, kwa sababu mimi ni mtoto wa dada yake na koo langu lilihesabiwa kuwa koo la nyumba ile. Walinitania. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi alisema nina kazi nzuri kuliko gavana, na fundi cherehani aliyekaa karibu na soko alikuwa akisema, "Mpeni huyo paka wa Mama aonje, tuone kama atalia." Nilipenda kazi ile. Sikufikiri kwamba mwonjaji ni mtu anayewekwa pale kwa sababu anaweza kufa.

Chupa ya achari niliivunja mimi. Niliingiza baiskeli ndani siku ya mvua, pedali ikaigonga, ikapasuka chini kama yai, na jin ya siku tano ikakimbilia chini ya mlango. Mama mdogo hakunigombeza. Alikusanya vigae, akasema hana haja ya kioo, akavuta sufuria ya shaba kutoka chini ya kitanda.

Kwa nje ilikuwa ya manjano iliyochoka. Kwa ndani ilikuwa ya kijivu, nyeupe kidogo, yenye madoa, kama ukuta uliopakwa chokaa zamani. Aliitazama ndani kwa muda mrefu akasema Wahindi ni watu wazuri lakini hawajui kusugua. Asubuhi tatu mfululizo aliipeleka ziwani pamoja na vyombo vingine. Jumamosi nilikuwa sina kazi, nikambebea. Alipiga magoti majini, akasugua kwa mchanga na majivu na kipande cha gunia, kwa mkono mzima kutoka begani, vile wanawake wa kwetu wanavyosugua chombo mpaka kiseme. Kile cha kijivu kiliondoka polepole, chini yake ikatokea rangi ya machungwa, na mwisho sufuria ilikuwa inang'aa ndani kuliko nje. Wanawake waliokuwa wakifua walikuja kuitazama. Mmoja alimwambia, "Mama, hii unaweza kujitazama uso." Mimi pia niliisifu.

Jin ya kwanza ya sufuria ile ilitoka na rangi. Si nyingi, ni ukijani mdogo tu, kama maji yaliyolowekwa majani. Mama mdogo alidhani ni maganda ya ndimu, na wateja waliipenda rangi hiyo. Fundi cherehani alisema sasa imekuwa ya dukani kabisa. Lakini mimi niliyemeza kwanza nilisikia kitu kingine mdomoni, baada ya ndimu na iliki kupita. Ilikuwa ladha ya senti. Tulipokuwa watoto tulizoea kuweka senti ya tundu ulimini, na ladha ilikuwa ileile. Nilimwambia. Akaniuliza iko wapi, mbele ya ulimi au nyuma. Nikasema nyuma. Alinitazama usoni, kisha shingoni, akasema labda ni mtarakwa, akaenda kuchochea moto.

Kutazamwa kule ndiko kulikonifanya nianze kufikiri vibaya.

Baada ya wiki moja tumbo langu lilianza kunikoroga. Halikuuma sana, lakini kila nilipomeza funda la kwanza, kichefuchefu kilikuja na jasho jembamba kwenye paji la uso. Mwalimu alitapika njiani akirudi nyumbani, akasema ni samaki. Karani mwenzangu wa gatini aliacha kuja, akasema ana malaria. Nilianza kuwaweka kichwani, nani aliumwa na siku gani, na nani alikaa wapi. Nilianza pia kumwangalia mama mdogo. Zamani alitengeneza vitu vyake mlango ukiwa wazi, akiimba nyimbo za kanisani. Sasa aliufunga. Nilimkuta mara moja anaponda vijitunda vya mtarakwa, na nilipoingia akavifunika kwa leso. Huenda upepo ulikuwa unaingia. Wakati ule sikuona upepo.

Na nilijua kwamba yuko mtu mmoja ambaye angefurahi kumwona amekwisha.

Mume wake alikuwa amekufa miaka miwili kabla. Kwa desturi yetu ndugu wa marehemu humrithi mjane, akae naye, azae naye watoto kwa jina la aliyekufa. Shemeji yake, mdogo wa marehemu, alikuwa mvuvi na mchuuzi wa samaki upande wa Luanda Kotieno, mtu wa mwili mkubwa na kicheko kikubwa, mwenye wake wawili tayari. Alikuwa amekuja Kaloleni mara tatu. Mara ya kwanza alileta obambla, samaki waliopasuliwa wakakaushwa juani. Mara ya pili alileta kanga. Mara ya tatu hakuleta kitu, aliketi katika kiti cha marehemu bila kuambiwa. Mara zote mama mdogo alimjibu kwamba ameokoka na hawezi kuwa mke wa tatu wa mtu yeyote, hata kama amefanana na marehemu kwa sauti. Shemeji alimwambia kwamba mtoto ni wa ukoo. Mama mdogo alikuwa na binti mmoja wa miaka kumi, katika shule ya bweni. Kila mtu alielewa maana ya maneno hayo. Akikataa kurithiwa, wangetafuta sababu ya kumchukua binti. Walichokosa ni sababu tu.

Shemeji alituma taarifa kwamba safari ya nne atakuja na wazee wawili. Wiki ile mama mdogo alikwenda kwenye mkutano wa kanisa nje ya mji, akilala huko, na jin ikabaki katika sufuria siku nne pamoja na maganda yake ya ndimu. Alirudi Ijumaa. Jumamosi alasiri wageni waliingia.

Alichuja kwa kitambaa cheupe, akamimina katika vikombe vya bati. Ukijani ulikuwa umezidi. Nilisimama karibu na mlango nikafikiri: amewakataa mara tatu, na leo anawawekea jin bila kuombwa. Mwaka mzima hakuwahi kumpa shemeji yake kitu chenye nguvu kuliko chai. Aliniletea kikombe changu mkononi mwake, akanitazama, nami nikaona, au nilidhani naona, kwamba anangoja kitu.

Nilikiinua. Niliacha ile jin iguse midomo yangu. Nikalipandisha koo langu na kulishusha, kama mtu aliyemeza, nikajipangusa mdomo kwa mkono, na ile iliyoingia nikaitema katika leso yangu nilipogeuka kufunga mlango. Shemeji aliliona koo langu. Alicheka, akasema, "Omera, ndugu yangu, wewe unakunywa kama mwanamke wa kanisa," akanywa kikombe chake chote na kuomba cha pili. Mzee mmoja alionja kidogo akakiweka chini. Mwingine hakugusa.

Haikufika saa moja. Walikuwa katikati ya maneno ya ukoo na ya mtoto wa ukoo wakati shemeji aliposimama, akashika ukuta, akatoka uani, na tukasikia. Alitapika mpaka akapiga magoti, yule mtu mkubwa, na kilichotoka kilikuwa na rangi ileile ya kikombe. Mzee ambaye hakugusa alitoka akatazama chini, akarudi, akamtazama mama mdogo. Tulimpeleka hospitali kwa mkokoteni wa jirani. Huko walimtia maji na kumnywesha maziwa, na kwa siku mbili haikujulikana kama atakaa au atakwenda.

Alikaa. Lakini Jumatatu wazee walirudi bila yeye na wakaketi nyumbani kwa mama mdogo. Yeye mwenyewe aliomba mwalimu wa kanisa lake awepo, akaja na Biblia yake ndani ya mfuko wa ngozi. Majirani walijaza dirisha. Mzee mkubwa, yule ambaye hakugusa kikombe, alisema kwa upole kwamba hakuja kumpeleka mtu polisi. Alikuja kujua jambo moja. Ikiwa mwanamke huyu amemwekea sumu ndugu yao, mtoto wa ndugu yao hatalala tena chini ya paa lake, na yeye mwenyewe hatakanyaga boma la mumewe, hata siku ya kuzikwa.

Kisha akanigeukia.

"Wewe karani. Ulionja?"

"Nilionja."

"Ulimeza?"

Ningeweza kusema ndiyo. Kulikuwa na watu watatu walioliona koo langu likipanda. Lakini mama mdogo alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele yangu, ananitazama kwa imani kama ya mtu aliyemshika shahidi mzuri, na ilikuwa imani hiyo iliyonishinda, kwa sababu nilidhani inaigizwa.

"Sikumeza," nikasema.

Mzee akaniuliza kwa nini. Nikasema tumbo langu lilikuwa linanisumbua. Akauliza tangu lini, nikasema tangu wiki mbili.

"Na kabla ya wiki hizo mbili ulikuwa unameza."

"Ndiyo, Mzee."

"Basi uliacha kumeza kwa sababu ulifikiri nini?"

Nilitazama sakafu, na kila mtu aliyekuwa dirishani alipata jibu lake.

Mama mdogo hakulia. Aliinuka, akasema, "Nyathina, mwanangu, umesema kweli. Sasa sogea kando." Alikwenda chumba cha ndani, akarudi amebeba sufuria kwa mikono miwili, nayo ilikuwa bado na jin iliyobaki, maganda yakielea. Alichota kwa kikombe kilekile alichomnyweshea shemeji yake. Mwalimu wa kanisa alisimama nusu.

"Mama, usifanye hivyo. Uliahidi."

"Niliahidi, Mwalimu. Andika."

Akanywa. Alikunywa polepole, mafunda matano au sita, na kila funda tuliliona likipanda na kushuka shingoni kwake, mwanamke ambaye hakuwa ameonja kitu kile kwa miaka yote aliyokitengeneza. Aliweka kikombe sakafuni, akajifuta mdomo kwa kanga, akakunja uso.

"Mbaya," akasema. "Mlikuwa mnapenda nini humu?"

Kijana mmoja dirishani alicheka, akanyamazishwa. Mama mdogo aliketi, akawauliza wazee kama mvua imefika kwao, na kama mtama umepona ndege. Walimjibu kwa sababu ya adabu. Aliuliza habari za ng'ombe. Aliuliza kama mke mkubwa wa shemeji amejifungua. Nilikuwa natazama jasho likianza kwenye nywele zake, na mikono yake ikishikana. Alikuwa katikati ya swali kuhusu mashua iliyovunjika alipoinuka, akatoka uani, na tukasikia sauti ileile ya Jumamosi.

Wanawake walimkimbilia na maziwa. Mzee mkubwa alibaki ameketi, fimbo kati ya magoti. Baada ya muda mrefu alisema, "Mtu hajiwekei sumu kisha akauliza habari za mtama." Mzee wa pili alisema basi iko ndani ya chombo chenyewe, imewekwa na mtu mwingine. Wakaniamrisha nimwage kilichomo na nikaitupe sufuria ziwani, mbali, mahali watu hawachoti maji. Hakuna aliyekubali kunisaidia kuibeba.

Nilipita mtaa wa maduka ya Wahindi, nimeibeba begani kwa gunia. Kwenye baraza la duka moja la nguo alikuwepo fundi mzee Mwislamu mwenye ndevu za hina, na mivukuto yake midogo ya kupulizia moto na kijishimo cha makaa. Nilikuwa nimemwona miaka yote bila kujua anafanya nini na vyombo vya watu. Gunia liliteleza, shaba ikaonekana. Akaniita.

"Wewe kijana, lete hapa. Nani amechuna hii?"

Nilimwambia haijachunwa, imesafishwa.

Aliigeuza, akaonyesha mkunjo mdogo kwenye ukingo, akasema anaujua, sufuria hii ni ya yule mama wa mzee wa reli, yeye mwenyewe ameipaka kila mwaka. Akatia kidole ndani akasugua, akanusa, akanitazama kama mtu aliyetukanwa. Akanionyesha sufuria nyingine iliyokuwa karibu na moto, ndani yake nyeupe kama fedha mpya. "Hii nyeupe si uchafu, bwana. Hii bati, nayeyusha, napaka ndani. Shaba bila bati, tia ndimu, tia siki, kaa siku mbili, sumu inatoka. Hata mtoto wa Kihindi anajua." Aliipiga ile yetu kwa ukucha ikalia. "Hii iko safi sana. Safi ya kuua mtu."

Nilimsihi anifuate Kaloleni. Alikataa, kisha akafunga mivukuto yake akaja, nadhani kwa sababu kazi yake ilikuwa imeharibiwa na alitaka kumwona aliyeiharibu. Aliwaeleza wazee akiwa amesimama mlangoni, kwa Kiswahili chake cha baraza, akatoa kipande cha bati mfukoni akawaonyesha. Walimsikiliza. Mama mdogo alikuwa amelala mkekani katika chumba cha ndani, na nilijua anasikia, kwa sababu fundi alipofika kwenye mchanga na majivu, tulisikia akisema, "Mungu wangu," kwa sauti ndogo.

Mzee mkubwa alisema, "Basi ni sufuria." Mzee wa pili akasema sufuria haina mkono wa kujisugua. Hawakukubaliana, na walipoondoka walikuwa bado hawajakubaliana, ila hakuna tena aliyetaja binti. Shemeji alipotoka hospitali alituma ujumbe mmoja tu. Alisema hataki kurithi nyumba ambayo kila asubuhi itabidi amtafute mtu wa kumwonjea uji. Hakurudi tena Kaloleni. Mama mdogo alipata kile alichokitaka tangu mwanzo, na kwa sababu hiyo wako watu Kisumu ambao hawamwamini mpaka leo.

Kwa muda nami nilikuwa mmoja wao. Nilimuuliza, akiwa ameanza kula tena, ilikuwaje akakaa miaka tisa katika jiko lile asijue habari za bati. Alisema aliona sufuria zikitoka chafu kwenda mjini na kurudi nyeupe. Alidhani yule fundi mzee ni dobi wa sufuria. Alidhani mama Mgoa anamlipa mtu kusugua kwa sababu mikono yake laini. Jibu hilo nimelibeba sehemu nyingi, nimelitazama kila upande, na sasa naliamini. Lakini siku ile alipolisema, nilikuwa namtazama shingoni.

Aliona. Akaacha kula.

"Nikuulize na mimi," akasema. "Ulifikiri ni sumu. Ukaitema. Mbona yeye ulimwacha anywe?"

Nilikuwa na majibu mengi ya mashaka yangu, ya rangi, ya ladha ya senti, ya mlango uliofungwa. Kwa swali lile sikuwa na hata moja. Alingoja kidogo, kisha akaendelea kula.

Kanisa lilimtoa kwenye meza ya Bwana miezi sita kwa kuvunja ahadi. Alikaa benchi la nyuma, karibu na mlango, hakukosa ibada hata moja. Jin hakutengeneza tena. Sufuria alimpelekea yule fundi, akaipaka bati, na baadaye nilisikia mama mdogo alikuwa anapikia ndani yake wali wa harusi za watu. Mimi niliomba kazi melini mwaka uleule. Niliwaambia watu kwamba napenda safari, na baada ya muda ikawa kweli. Ukitoka gatini Kisumu asubuhi, mji unabaki nyuma, mabati ya bohari yanameta, na harufu ya samaki na moshi wa makaa inakufuata maji mengi kabla ya kukuacha. Nimeikumbuka harufu hiyo katika miji isiyo na ziwa. Nimekumbuka pia iliki zikipondwa, na mara nyingine nikiwa sokoni mahali pa mbali nasimama kwenye meza ya viungo bila kununua.

Nilirudi baada ya miaka mingi. Hakuwa tena Kaloleni, alikuwa amehamia upande wa Otonglo, katika nyumba ya binti yake, ambaye sasa ni mwalimu. Alikuwa amezeeka, jicho moja limeingia ukungu, lakini alinitambua kwa hatua zangu kabla sijabisha. Alisema nimekonda. Alisema watu wa Tanga hawajui kupika. Aliniuliza kama nimeoa, nikasema nilijaribu, akacheka mpaka akakohoa.

Kisha akaleta chai ya maziwa. Aliitia iliki na mdalasini, nikazisikia tangu jikoni. Aliketi mbele yangu, kikombe changu mkononi mwake, na kabla hajanipa alikiinua akapiga funda moja. Shingo yake ilikuwa nyembamba, ngozi imelegea, na koo lilipanda vizuri, likashuka. Akageuza kikombe ili upande aliokunywea uwe kwake, akanipa.

Ilikuwa ya moto sana, lakini niliinywa. Yeye aliegemea kiti, akalielekeza lile jicho zima shingoni kwangu, akangoja mpaka nimeze.